Lori Lililosubiri Adhuhuri

Tinde,
9 Agosti 1954

Kaka Donatus,

Shikamoo. Mfikishie mama salamu zangu, na shangazi Mbuke pia. Mimi ni mzima, ila kifua kinabana kwa vumbi la malori.

Barua yako nimeipata. Umesema Jumapili wazee watamtoza dereva Theonest ng'ombe dume, kwa kuchelewesha maiti ya mjomba Maige hata kaburi likalala wazi. Tafadhali wasikae kabla hujaisoma hii yote.

Kazi yangu ya kizuizi unaijua. Msimu wa pamba malori yalikuwa yakisongamana darajani tangu alfajiri. Baraza la mtemi likaamua lori lipitalo kabla ya adhuhuri lilipe shilingi mbili, na baada ya hapo senti hamsini, fedha zitengeneze barabara. Imesaidia. Wenye haraka hulipa wakinitukana, wasio na haraka husubiri wakinitukana, na daraja sasa lina mbao mpya.

Wenye msiba hupita bure. Basi mwezi wa saba watu wakafa sana upande wa Masumbwe! Kila lori la pamba likaja na mkeka uliofungwa, mwanamke akilia juu yake, na nani angethubutu kufungua mkeka wa maiti? Bernadina, muuza maandazi wa hapa, alilia kwenye malori matatu siku moja. Nilipomuuliza kafiwa na nani, akanijibu, “Shemeji, ukoo wetu mkubwa.” Karani akanionya kwamba nikidanganywa tena nitarudi kuchunga ng'ombe.

Kesho yake asubuhi likaja lori la Theonest. Mkeka juu ya magunia, na wanawake wawili wamekaa kimya, macho makavu. Theonest aliapa kwamba ni mchimbaji wa Geita anarudishwa kwao, jina hakulijua. Nilimwambia wenzake hukodi waliaji wazuri zaidi. Shilingi mbili hakuwa nazo. Wakasubiri juani mpaka adhuhuri, na kwetu wakafika giza limeingia.

Habari ya kifo ilikuwa imewafikia ninyi kwa basi, mimi bado. Nilipoinua mti wa kizuizi, mwanamke mmoja akaniuliza njia ya kwa kina Maige. Kaka, nikawaelekeza kama mgeni.

Theonest aliwaambia wazee kwamba alizuiwa Tinde. Wakamcheka: mpwa wa marehemu ndiye yuko kizuizini, atazuiaje maiti ya mjomba wake? Nilipokuja matangani, Theonest keshaondoka, walilirudia hilo nami nimekaa pale pale, nikatikisa kichwa pamoja nao.

Ng'ombe atoke zizini kwangu, yule dume mwekundu. Theonest aombwe radhi mbele ya wote, nami nitakuja Jumapili kuyasema haya kwa mdomo wangu, wakinipokea wasinipokee. Wakiuliza kwa nini nilizuia, waambie wale wanawake wawili, wake wa wachimbaji wenzake mjomba, walikuwa wamelia njia nzima toka Geita. Kufika kwangu, machozi yalikuwa yamekwisha.

Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mdogo wako,
Valerian