Santuri Zako za Kifaransa

Baba watoto,

Hapa tu wazima. Paa la jikoni limeanza kuvuja tena, na mama yako ameacha mkongojo kwa ukaidi tu. Kitinda mimba wetu sasa anajua kushusha sindano kwenye santuri bila kuikwaruza. Anaimba Kifaransa chake cha kubuni, huku magitaa yale ya miaka ya sitini yakiyumba na kinanda kikizunguka kama mtu mwenye kizunguzungu. Mama yako anasema huo si muziki, ni homa. Lakini tukizima, anauliza kwa nini tumezima.

Barua yako imefika. Umeeleza kurasa mbili nzima namna ya kukufungia santuri zako nikutumie huko: zisimame wima, zisipigwe na jua. Nimeisoma tena nikitafuta mahali ulipowaulizia watoto. Sikupaona. Na mtu anayerudi kwake hahamishi santuri.

Uliwahi kunifundisha kwamba santuri ikitenganishwa na jalada lake, hakuna mkusanyaji atakayeitaka, na jalada nalo halina maana tena. Nililikumbuka hilo wakati wa kufunga.

Kwa hiyo boksi likifika, wepesi wake usikushtue. Majalada yamo yote, sikubakiza hata moja. Santuri zenyewe ziko hapa kwenye rafu yako, zimevaa karatasi zao za ndani, zimesimama wima, mbali na jua.

Ni mimi,
mkeo hadi sasa.