Chumvi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Mayai thelathini na moja. Mwezi jana nilikuwa naokota hamsini na mbili, kuku wale wale sitini. Manne ya leo ni laini, hayana ganda kabisa, moja limepasukia mkononi. Na maji wanakunywa ndoo nzima kabla ya saa nne!

Nimempigia mume wangu, Ezron, huko Mkwajuni kwenye machimbo yake ya dhahabu. Anasema yakifika ishirini tuwauze kuku wote wakawe nyama. Nikamjibu sawa. Si sawa hata kidogo. Kuku hawa ndio kitu changu cha kwanza tangu niolewe.

Jumatano, 3 Septemba
Fausta, mtaalamu wetu wa mifugo, amekuja. Nikamwonyesha ninavyochanganya: pumba, mashudu, dagaa, mifupa, chokaa, primiksi ya vitamini. Vipimo alivyonipa mwenyewe. Akatazama kinyesi — majimaji. Akachota chakula kwenye kihori, akaonja, akatema. Akaniuliza nafuga kuku au nakausha samaki.

Chumvi. Robo kilo kwa gunia la kilo mia inatosha, anasema. Ikizidi kuku anakunywa maji tu, na ganda linakuwa jepesi hata ukimmwagia chokaa yote ya dukani.

Nimemwapia sijazidisha. Ameniangalia kama asiyeamini.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimemwona. Nilikuwa jikoni, mlango umeegeshwa. Baba mkwe katoka na kimfuko, kanyunyiza kihori kizima, taratibu, mpaka kwenye pembe. Chumvi ya Ivuna, ile shemeji yake humletea. Ujana wake wote alichunga ng'ombe, na ng'ombe akilamba chumvi anatoa maziwa. Basi na kuku wangu atoe mayai!

Nikacheka peke yangu. Halafu nikalia. Tangu tumzike Mama, mkewe, mwezi wa sita Baba alikuwa hatoki ndani. Sasa anatoka, na anapokwenda ni bandani kwangu, kunisaidia.

Na siwezi kumwambia. Wengi huku Ileje wameacha, nyumba hii haijaacha: mke wa mtoto hasemezani na baba mkwe, wala hawatazamani. Miaka sita naishi hapa, hajawahi kusikia nikimwambia neno.

Nimemweleza Ezron, naye anataka ampigie baba yake, amkataze kukanyaga bandani. Nimemsihi asipige. Akikatazwa na hapo, atabaki na nini yule mzee?

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya ibada nimemtuma jirani, Tabita, kwa Baba. Nikamwambia aseme habari ya chumvi kwa upole, kama vile wazo ni lake. Amerudi upesi. Mzee kamwambia alijua mifugo kabla hata mama yake Tabita hajazaliwa. Ndiyo huo upole wa Tabita.

Jioni kihori kimepata chumvi mara mbili. Ameongeza.

Mayai ishirini na mawili. Namwonea huruma, nakasirika, namwonea huruma tena.

Jumatatu, 8 Septemba
Naandika bandani, kwenye daftari la mayai. Kumi na tisa. Ezron bado hajui.

Baba yupo nyuma ya ukuta wa mabanzi. Kila siku akisikia nimo anarudi zake. Leo hajarudi. Kanipa mgongo, naona koti lake kwenye upenyo, na kimfuko mkononi.

Kawasemesha kuku. Eti nyie kuku mna nini. Mama yenu anawapa kila kitu, na mimi nawaongezea, ila mayai yanapungua tu. Kama kuna ninachokosea si mniambie, mimi ni mtu mzima, sitakufa.



Nami nimempa mgongo. Nimempakata huyu mwekundu mwenye kilema cha kidole. Nikamwambia yeye, kwa sauti ya kusikika: kuku, babu yako anakupenda, na mimi najua. Wewe si ng'ombe. Kuna neno la chumvi, sijui nalisemaje bila kumvunjia heshima.

Nimeshika kalamu ili mikono iwe na kazi. Nimedhani ameondoka, nikachungulia. Koti lipo palepale.

Amekohoa. Anawaambia kuku: mwambieni aseme, namsikiliza.