Kahawa Mbichi ya Kuka

Dagoretti Corner,
Nairobi.

Kwako Kuka, babu yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya mlimani? Sisi tu wazima, ila nyumbani kumeingia ukimya, ndiyo sababu nimempa Mama, anayekuja huko, barua hii akusomee.

Kaka Lenox anajifunza ushonaji huko Hurlingham, dukani kwa Bi. Charmi. Mkono wake ni mzuri sana. Lakini juzi alipiga pindo sketi nyekundu za shule kwa uzi wa kijani, bunda zima! Bi. Charmi akamuuliza kama anashona sketi ama Krismasi, na wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Baba hakucheka. Alisema kijana asiyetazama kazi yake ni mvivu, na mwezi ukiisha atamtoa huko ampeleke kazi ya mjengo, akabebe mawe.  Lenox aliniambia labda kweli kichwa chake kina shida.

Kisha Mwalimu Munyiva akatufundisha urithi. Alisema mtoto hupokea jeni kwa mama na kwa baba, na nyingine hukaa kimya ndani ya mtu kama mbegu ardhini, zije kuchipuka kwa mjukuu. Alituonyesha picha ya vitone vya rangi, nami nikaona namba sita waziwazi. Niliiazima. Lenox aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Namba gani, Nakhu?"

Macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, Kuka. Jeni hiyo husafiri katika kromosomu iitwayo X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo iliyo nzima humfanyia kazi. Mwanamume ana moja tu, na huipata kwa mama yake. Nilipomweleza Mama, aliacha kuchambua mboga. Alinisimulia ulivyofukuzwa kwenye uchumaji wa kahawa ukiwa kijana, kwa kuwa kikapu chako kilijaa mbichi za kijani badala ya nyekundu zilizoiva, na watu wakakuita mvivu hadi leo. Halafu akasema polepole, "Kumbe baba yangu hakuwa mvivu."

Tangu hapo mimi hutazama nje ya dirisha la darasa nikiwaza: kahawa ikiiva, wewe huona nini? Labda mlima wote kwako una rangi moja tulivu, kama asubuhi yenye ukungu.

Bi. Charmi ameshaanza kuandika jina la rangi kwenye kila uzi. Baba tu ndiye haamini. Anasema hayo ni maneno ya vitabu. Lakini hawezi kumbishia mkwewe. Najua simu huipendi, Kuka. Mpigie mara moja tu, umwambie habari ya kile kikapu.

Huenda hata mimi ninaibeba jeni hiyo. Mwalimu anasema ni nusu kwa nusu. Siogopi. Siku moja mwanangu akiniletea jani bichi akisema ni jekundu, nitamwambia ana macho ya Kuka.

Nisalimie bibi yangu Kukhu, na ndama wake mpya.

Mjukuu wako akupendaye,
Nakhumicha Were