Kitambaa cha Spika

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hapa sote wazima, na paka amezaa ndani ya kabati la viatu.

Kompyuta uliyotutumia imefika, ila sauti yake ilitutoa jasho. Salamu ulizorekodi humo zilisikika kama unaongea ukiwa ndani ya pipa. Baba akazilaumu nyaya, mimi nikazima na kuwasha mpaka nikachoka, na fundi akasema eti tununue spika nyingine.

Baba alipokwenda kazini, Mama akaacha cherehani yake, akaja kutega sikio. Si unamjua? Sindano ikianza kuwa butu, anaisikia kabla hajaiona. Akavua kile kitambaa alichozifumia spika zisiingiwe na vumbi, kisha akabandua nailoni ambayo sote tuliogopa kuitoa, kwa kuwa kitu bado kipya. "Tumemziba mwanangu mdomo!" akasema, akijicheka mwenyewe. Sauti ikatoka safi kabisa.

Ulisema u mzima, kazi nzuri, unakula vizuri. Mama akairudisha nyuma mara moja tu. Katikati ya maneno, kaka, unakohoa, tena kikohozi kile cha kuzuiliwa kwa mkono.

Hakulia. Alirudisha nailoni na kitambaa juu ya spika, akakinyoosha taratibu. "Baba yako na moyo wake ule? Asisikie kwanza."

Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Nenda hospitali, upone, kisha urekodi salamu nyingine. Kitambaa nitakitoa mimi.

Mdogo wako,
Mdaku