Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Caney Lick, Kentucky
9 Machi

Mwanangu Tressie,

Nakusalimu kwa jina la Mwokozi wetu. Hujambo huko Cincinnati? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi huku wazima, ila magoti yangu yananung'unika kila nikipanda kilima.

Michoro imefika. Niliitandaza mezani kwa Wilma, huku ninakohifadhiwa tangu mto uchukue nyumba yetu, nikaweka vikombe kwenye pembe isijikunje. Mwanangu, nililia. Baba yako angekuwa hai angeizungusha kanisa zima. Nimeelewa kila kitu: madirisha makubwa yanatazama kusini, msituni; mialoni isikatwe, ili kiangazi majani yatupe kivuli, na wakati wa baridi yakishapukutika jua liingie mpaka ndani. Sakafu ya mawe inalihifadhi joto hadi usiku. Haya yote umeyajulia wapi, wewe uliyekuwa ukiunguza kila mkate?

Ila kuna jambo. Barabara inapita upande wa juu wa kiwanja, kaskazini, na upande huo umechora ukuta mtupu. Kibaraza hakuna, mlango hakuna. Baba yako mdogo Hobart, ambaye ndiye fundi wetu, aliutazama mchoro akasema, "Shemeji, nyumba hii imeipa barabara mgongo. Watu wakipita watampungia nani mkono, ukuta?" Anataka tuigeuze yote itazame barabarani. Nami nakumbuka, siku mto ulipotuacha bila hata kijiko, ni watu wa barabara hiyo walionilisha na kunivika. Nitawageuziaje mgongo? Nisaidie, mwanangu.

Mama yako,
Orlena

Cincinnati
21 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, kifua kimepona. Msalimie mama Wilma.

Mama, usimruhusu. Upepo wa baridi unatoka huko huko barabarani. Mkiigeuza, madirisha yale makubwa yatatazama upepo, nawe utakata kuni mpaka Pasaka. Jua haliwezi kuombwa lihamie upande wa pili kwa sababu ba'mdogo Hobart anataka kupunga mkono.

Hapa ofisini mwaka wa tatu huu nachora vyoo vya majengo ya wenzangu. Hii ndiyo nyumba yangu ya kwanza, tena yako. Ba'mdogo namheshimu, lakini akiigeuza, naomba usimwambie mtu yeyote kwamba nimeichora mimi.

Mwanao,
Tressie

Caney Lick
2 Aprili

Tressie mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. U mzima? Najua umekasirika, kwa sababu hata magoti yangu hukuyaulizia.

Nimeomba, kisha nikamwambia Hobart nyumba haigeuki. Akachomoa penseli sikioni, akaitia mfukoni taratibu. "Nitaijenga," akasema, "maana nilimwahidi kaka yangu nitakutunza. Lakini kuingia humo, siingii." Na unamjua akisema.

Sasa nawe nisikilize. Huku kwetu nani hupita mlango wa mbele? Mchungaji mgeni na mtu wa kodi. Ndugu na majirani huingia kwa jikoni, hata hodi hawapigi. Na jiko umeliweka upande wa barabara. Nipe mlango mmoja tu hapo. Barabara ikikosa kibaraza, angalau ipate jiko. Ukikataa, nitajenga kama ulivyochora, na kila asubuhi nitapanda barabarani mwenyewe nikapunge mkono, na magoti yangu haya.

Mama yako,
Orlena

Caney Lick
16 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi katika Bwana. Hujambo? Unakula vizuri? Nauliza kwa sababu nikipiga simu unasema uko kazini, unakata. Tangu ile barua yako ya Machi nimepata bahasha moja tu, ya Mei, karatasi moja ya mchoro ndani yake, hata "mama hujambo" hakuna.

Lakini ule mchoro! Mlango wa jikoni uliuweka, tena ukanitilia chumba kidogo chenye milango miwili, mtu afunge wa kwanza akivua viatu ndipo afungue wa pili, upepo ubaki nje. Na kando yake dirisha dogo la kutazama barabara, kimo cha mtu aliyeketi anamenya viazi. Hapo nilijua hasira imepungua.

Nimehamia. Jumapili watu walikuja na ratili zao kama desturi ya nyumba mpya: huyu ratili ya sukari, yule ya unga, yule ya maharagwe. Theluji imejaa, na wote wanapita jikoni. Wilma akajifanya askari wa mlango: "Funga huo kwanza! Kwani unaingiza ng'ombe?"

Mara namwona Hobart kupitia kidirisha changu. Kashuka garini, kaupita mlango wa jikoni kama hauoni, kaizunguka nyumba nzima katika theluji mpaka mlango wa mbele, upande wa msitu. Akabisha hodi. Nikafungua.

"Bibi Orlena," akasema, yeye aliyeniita shemeji miaka yote, "mimi mgeni tu. Nimeleta kahawa."

"Karibu, mgeni. Mchungaji au mtu wa kodi?"

Wacha watu wacheke! Akaingia na kofia yake, akaketi dirishani, amenuna. Jua likapenya kati ya mialoni, likamkalia magotini. Akavua kofia. Baadaye koti. Alipodhani hatumwoni, akainama akaweka kiganja kwenye yale mawe aliyoyalaza mwenyewe, akakiacha hapo kitambo.

"Shemeji, jiko umewasha saa ngapi?"

"Lilizimika asubuhi, Hobart."

Alipoondoka alitokea jikoni, akapita na kipande cha mkate wa mahindi bila kuomba.

Mwanangu, nilijivuna hata nikamwomba Mungu anisamehe, kisha nikajivuna tena. Lakini kila mtu aliniuliza nani kaichora, nami nikafunga mdomo. Nyumba haikugeuzwa, ila mlango nilikulazimisha mimi, na sijui kama bado unaikubali kuwa yako. Nimewaambia nitawajibu Jumapili kanisani. Niwatajie jina lako? Nijibu upesi.

Mama yako,
Orlena