Bismillahi Juu ya Boksi la Sabuni

Jumatatu, 1 Septemba
Rangi ya maboksi bado. Kijani kimetoka kama cha dawa ya mbu, nimekirudisha mara ya tatu. Bwana Suleiman, mpiga chapa wetu wa Unguja, ana subira. Mimi ningeshatukana.
Sabuni za mwani na karafuu ziko tayari, zimejaa chumbani kwa Bi Rukia, mwenyekiti wa kikundi chetu. Zangoja maboksi tu. Kikundi kimeniachia mimi kazi hii kwa kuwa nimemaliza Fomu Foo. Kichwa kimenivimba, nakiri.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimepata wazo! Bismillahi kwa Kiarabu, ya dhahabu, juu ya mfuniko. Itie baraka, ipendeze. Nikamtumia Bwana Suleiman ujumbe wa sauti. Akauliza, "Dada, una hakika?" Nikamwambia weka.
Wenzangu wameiona kwenye simu, wamesifu. Isipokuwa Bi Rukia. "Mwanangu, sabuni huenda msalani. Na boksi hili ntu alitupe wapi?" Nikamjibu biashara ya siku hizi haiendi hivyo. Msahafu anausoma tangu utotoni, lakini herufi za shule hazijui, nami nikaona hilo latosha kumshinda. Akarudi kupanga sabuni zake. Nilifurahi.

Jumamosi, 13 Septemba
Maboksi yamefika. Mazuri, wallahi.

Jumanne, 16 Septemba
Aibu. Aibu tupu.
Nimekwenda mjini Chake kwa Mzee Akbar, mwenye duka aliyekubali kuuza sabuni zetu. Kalipokea boksi kwa mikono miwili, kalibusu, kaliweka rafu ya juu kabisa, pembeni ya msahafu wake. Nikadhani kalipenda. Kumbe. "Binti, siwezi kuliuza hili. Mteja akishatoa sabuni, boksi lenye jina la Mungu litakwenda jaani. Dhambi ya nani?" Hata kunirudishia hakunirudishia.
Nimerudi kwetu Kengeja, wenzangu wote barazani kwa Bi Rukia wananingoja. Mdomo ukanitangulia. Nikasema nilishamwambia Bwana Suleiman aifute, tangu siku ile aliposema Bi Rukia, naye kaiacha kwa uzembe wake.
Wameniamini. Ndilo linalonichoma.

Jumatano, 17 Septemba
Bi Rukia kampigia mwenyewe Bwana Suleiman. Kaingia nayo simu jikoni, kakaa sana. Alipotoka kasema tu, "Nimemsikia." Wenzangu wakamtukana mtu wa watu mpaka wakachoka. Watu wa mjini hao, hawana dini, hawana nini. Na mimi nikaitikia. Nikaitikia, Ya Rabbi!

Jumatatu, 22 Septemba
Nimejipalia makaa. Bi Time wa kikundi chetu kapeleka maneno kijiji cha Chokocho, kwa kina mama wa asali. Wamemnyang'anya Bwana Suleiman kazi ya lebo zao. Mtu ana familia.
Bwana Suleiman kaniandikia mstari mmoja: "Dada, nimekukosea nini?"
Nimeizima simu.

Alhamisi, 25 Septemba
Nimekwenda kwa Bi Rukia baada ya adhuhuri. Yuko peke yake, anachambua mchele. Nikasema yote, nikilia kama mtoto. Hakuacha kuchambua.
"Najua. Bwana Suleiman kanisikilizisha sauti zako zote siku ile ile niliyompigia: ya weka ipo, ya futa hamna. Nilikuwa nakungoja wewe."
Siku nane! Siku nane nakula kwake, nacheka naye, naye anajua. Natamani ardhi inimeze.
Nikamuuliza na Chokocho je. Kasema alishawapigia, kazi wamemrudishia. Kawaambia kosa letu. Letu, kasema. Angenipiga kofi ningepumua.
"Sasa kawaambie wenzio. Hilo sikusaidii."

Ijumaa, 26 Septemba
Nimewaambia. Bi Time kafyonya, kageuza uso. Nikampigia Bwana Suleiman mbele yao wote, nikamwomba radhi. Kasema, "Yamekwisha, dada." Upesi hivyo.

Jumapili, 28 Septemba
Tunakata mifuniko kwa mikasi. Jina la Mungu halitupwi. Vipande vinaingia kwenye mkoba safi, vikazikwe pasipopita miguu. Vidole vimeniota malengelenge. Hakuna aliyenisemesha, wala sikutaka.

Jumamosi, 11 Oktoba
Sampuli mpya imefika. Karatasi ya kaki, ua la karafuu, jina la kikundi, basi. Safari hii Bi Time ndiye aliyezungumza na Bwana Suleiman. Boksi limepitishwa mkono kwa mkono barazani, kila mtu kalitazama na kusema lake. Lilipofika kwangu nikataka kulipitisha tu.
Bi Rukia kanizuia. "Na wewe tazama. Kama wenzio."
Nikatazama. Zuri.