Deizi Yetu ya Lavington Inangoja Jina

Mama Nafula wangu,

Ua letu limekubaliwa. Nakuambia wewe kabla sijawatangazia wa ofisini, isipokuwa mkuu wetu, maana wale wengine watapiga makofi, na mimi nitalia mbele ya watu. Unajua ninavyolia. Siku tulipomzika mama yako, wewe mfiwa ndiwe uliyenibembeleza mimi mkwe, ukaninong'oneza kwamba nalia kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani. Kwenye mazishi yako hakulia mbuzi mmoja tu, mama. Zizi zima lililia.

Basi, jarida la wataalamu wa mimea limejibu. Wamesoma tuliyoyaandika, wamekubali kwamba ile deizi ndogo ya porini, yenye uso wa njano na kope nyeupe, ni aina mpya, haijawahi kuelezewa na mtu. Wanataka jambo moja tu kabla ya kuichapa: nithibitishe jina la ua na majina ya walioligundua. Wiki nzima nimeshindwa kulimaliza hilo, ndiyo sababu nimekaa hapa mezani petu Riruta nakuandikia wewe, badala yao.

Unakumbuka Jumapili ile? Tulitoka kanisani kwa miguu kwa sababu ulidai tumbo langu linahitaji safari. Tulipofika Lavington viatu vyako vipya vilikuwa vimeanza kukuuma, ukasimama kando ya kile kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati, ukachungulia mahali yalipoachana. Nikadhani unatafuta pa kukaa.

"Baba Nafula, hebu nishikie kofia."

"Kofia ya nini tena?"

"Shika, bwana, uache maswali."

Ukapita kwenye lile pengo na gauni lako la kanisani, ukaniacha barabarani nimebeba kofia yenye manyoya kama nimeajiriwa nayo. Askari wa lango akaja mbio. "Mama, hapa hakuingiliki!" Ukamwambia unaangalia ua tu. Akacheka. "Maua wanauza pale chini kwa barabara, mama. Hii ni majani tu." Wewe tayari ulikuwa umepiga magoti juu ya mawe.

Nami, mtaalamu wako wa miaka yote, nilichungulia nikatangaza kwamba ni deizi ya kawaida. Ukaligeuza ua kwa kidole, taratibu, kama unavyomgeuza mtoto shavu umpanguse. "Kawaida ya wapi? Angalia mgongo wake." Kope zote nyeupe zilikuwa na mstari wa zambarau kwa chini, na majani yamejikunja kama yanaona baridi. Nikavaa miwani. Nikavua. Nikavaa tena. Ulinitazama kwa ule uso wako wa kusamehe ambao ni mbaya kuliko kugombezwa.

Vibao vya kukaushia mimea viko ofisini mjini, na ofisi Jumapili imefungwa. Tulipofika nyumbani ukaulaza mmea uliokuwa umeung'oa na mizizi yake katikati ya magazeti, ukausukuma chini ya godoro, upande wangu, kwa sababu, ulisema, upande mzito ndio unaokausha vizuri. Kisha ukanipa masharti. Nisigeukegeuke. Nisikae ukingoni nikifunga viatu. Nililala kama maiti, huku wewe ukikoroma umetanda kitanda kizima. Mmea huo ndio sasa mama wa wote: aina hiyo yote duniani itapimwa kwa kulinganishwa na kile kikavu kilichobanwa na mgongo wangu. Sijawahi kuutumikia utaalamu vizuri kuliko nilivyoutumikia usingizini.

Tukaanza kulinganisha. Tulifungua kabati moja baada ya jingine kule kwenye ghala letu la mimea iliyokaushwa, tukatoa jamaa zake wote, wewe na kioo chako cha kukuzia, mimi na chai. Ulipenda kuwaambia wageni kwamba deizi si ua moja. Ukilikata utakuta vijiua vidogo vidogo vimebanana, kila kimoja na mbegu yake. "Ni ploti ya kupanga hii," ulikuwa ukisema, "kila mtu na chumba chake, geti moja." Ndani ya ploti hiyo ndiko ulikoona lililotushinda wengine: mbegu za jamaa zake zote zina nywele za kupeperukia, za kwetu ni kipara. Ukanitazama kichwani, ukacheka mpaka ukashika meza.

Ulikuwa umeanza kushika meza hata bila kucheka. Nilijua. Ulijua najua.

Mchoro wa mbegu uliumalizia kitandani hospitalini, ubao umeuegemeza magotini juu ya blanketi. Nesi akasema, "Mama, si upumzike kidogo?" Ukamjibu bila kuinua kalamu, "Nikipumzika, huyu mzee atachora kiazi." Alicheka sana. Nami nilicheka, nikatoka nje kwenye korido nikageukia ukuta.

Maelezo nimeyamalizia peke yangu. Ni lugha kavu, ulikuwa ukiiita lugha ya karani wa mortuari: mmea wa kudumu, mfupi, shina lenye nywele laini, hupenda nyufa za mawe. Sheria ni kwamba lazima useme mmea unatofautianaje na ule unaofanana nao zaidi. Jioni moja nilijaribu kukuandika wewe hivyohivyo. Kimo cha wastani. Sauti hupanda inapokuwa imekosea. Nilipofika pa kusema unafanana na nani, mama, nikakwama. Sikupata wa kukulinganisha naye, na bila hilo maelezo hayakubaliki.

Sasa suala la jina. Nafula alipopata habari akaja kutoka Kilimani na keki, na akaamua palepale. "Baba, hii haina mjadala. Iite jina ya Mama. Mtu huko Japani atakuwa anasema jina ya Mama bila hata kujua!" Wamama wa chama chako wameshaanza kuliita kwa jina lako. Wawili walikuja Ijumaa, wakaniuliza kama litauzwa kwenye vyungu. Mimi mwenyewe tangu siku tuliyokuzika nilikuwa nimeshaamua hivyo. Nililala na wazo hilo, ndilo lililoniamsha asubuhi.

Lakini ufundi wetu una mila yake, nawe unaijua kuliko mimi: anayelielezea ua halipi jina lake mwenyewe. Inaonekana ni majivuno. Mkuu wetu alinieleza kwa upole, mlango umefungwa. "Mzee, chagua. Ama yeye ni mwandishi pamoja nawe, ama ua ni lake. Ukitaka ua liitwe yeye, mtoe kwenye waandishi. Hakuna atakayekulaumu."

Nikakutoa. Nilibonyeza kwenye kompyuta, jina lako likafutika, likabaki langu peke yake juu ya ukurasa. Nikageuza kila “tuli-” kuwa “nili-”, nikaanza kusoma tangu mwanzo. Niliona mmea huu ukiota kwenye mawe. Mimi? Mimi nilikuwa nimeshika kofia. Nilichunguza mbegu. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nikasoma mpaka kwenye michoro, na nikajua kwamba mtu wa huko Japani atalisema jina lako kweli, tena kwa heshima, akidhani ulikuwa mke mzuri wa mtaalamu fulani. Ua zuri, mke mzuri, basi. Hatajua ni macho ya nani yaliyopita kwenye lile pengo.

Nimempigia Nafula. Nikamwambia nimebadili nia. Akauliza, "Kwa hivyo haitakuwa na jina ya Mama?"

"Halitakuwa nalo, mwanangu. Ua tutaliita kwa Kilatini, la kwenye mawe."

"Na Mama atakuwa wapi?"

Nikamweleza kwamba kila jina la mmea likiandikwa kikamilifu, nyuma yake hufuata majina ya waliolielezea. Kila mahali, kila nchi, hata siku ambayo hatabaki mtu wa kutukumbuka. Ua kwanza, halafu wewe, halafu mimi. Wewe umetangulia kwa sababu ndiwe uliyeliona, na pia kwa sababu ningekuweka nyuma ningeota ndoto mbaya. Nafula akacheka akilia. Amerithi upande wangu, pole.

Nimeyarudisha yote kama yalivyokuwa. Tuliona. Tulichunguza. Nikadhani kazi imekwisha, nikaenda kubonyeza pa kutuma. Mashine ikanirudisha. Ilisema mwandishi wa kwanza hajathibitisha kwamba anakubali, imeshamtumia ujumbe, anaombwa aujibu. Nikakaa nikautazama ujumbe huo, mama. Nami nilikuomba mambo mengi maishani, na siku zote ulijibu, hata kama ni kwa kusonya.

Nikawaandikia wenye jarida, nikawaeleza. Wamejibu kwa maneno mazuri na pole nyingi, kisha wakanipa utaratibu: mwandishi aliyefariki huwekewa alama ndogo ya msalaba mwishoni mwa jina lake, na mwenzake ndiye anayeiweka.

Basi ndilo nililokuwa nalikwepa wiki nzima. Kuchagua jina hakukunitesa hivyo. Mazishini kulikuwa na mchungaji, na watu wa kushika jeneza, na wa kumwaga udongo. Mimi nilisimama tu. Hili hakuna wa kunifanyia.

Nimeiweka sasa hivi. Imekaa pale, baada ya herufi yako ya mwisho, kabla ya jina langu. Nimeifanya ndogo kadiri mashine ilivyokubali.

Pumzika, mama. Nabonyeza.

Mumeo,
Baba Nafula